Mpaka Wenye Askari Mmoja

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeshinda chumba cha simu, na makalio yangu hayajazoea kiti kisichotetemeka. Miaka kumi na mmoja nimeendesha gari kubwa la zimamoto. Kituo kizima kiliniita Usukani, hata Afande, mkuu wetu, aliandika hivyo hivyo kwenye ratiba ya zamu. Asubuhi hii Ngazi, yule anayepanda ngazi kwenye kila moto, alichungulia mlangoni akasema, "Umeamkaje, Simu?" Akacheka, na wenzake wakacheka. Basi jina ndilo hilo, nimeshapewa.

Naandika ili nisije nikasahau hata chembe. Mwezi uliopita liliungua ghala la magodoro. Niliwafikisha wenzangu kwa dakika sita, nikajiona bingwa. Mpira ukafunguliwa, maji yakatoka, yakakohoa mara mbili, yakakata. Tenki lilikuwa robo. Tulisimama pale na mipira mikononi kama wageni waliokosea nyumba, ghala likaisha mbele yetu na mwenyewe amekaa chini analia.

Kujaza tenki siku ile ilikuwa kazi ya Mrefu, mtu wa pampu. Aliniambia, "Dada, nimejaza, niwekee saini kitabuni, nakimbia hospitali, mtoto amezidiwa." Nikaweka. Tumefanya kazi pamoja miaka tisa, nimekula kwake, mtoto wake ananiita shangazi. Ningemwambia nini? Kwenye kikao, Afande akafungua kitabu cha ukaguzi akamuuliza Mrefu ni nani aliyejaza tenki. Mrefu akainama, akaangalia karatasi, akasema maneno matatu: "Saini si yangu."

Akakaa. Nilimngoja aendelee, hakuendelea. Nikasema saini ni yangu, maana kweli ni yangu, na anayesaini kazi asiyoifanya anafukuzwa siku hiyo hiyo. Bora nionekane nimejaza kwa uzembe kuliko nimesaini uongo, nikafyata ulimi. Wakaniondoa kwenye usukani, wakampa yeye.

Afande amesema mvua zikiisha ataamua: ama narudi kwenye gari, ama nabaki na simu moja kwa moja. Nautaka usukani wangu. Na Mrefu namtaka pia, lakini si kwa wema.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Simu mbili, zote za mtu mmoja aliyekosea namba.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua zikianza moto hupungua, na watu wa zimamoto wasio na moto ni kama watoto siku ya mvua: wanatafuta la kufanya. Mwaka huu wamepata mchezo. Fundi wetu wa magari aliununua mitumbani, sanduku limechanika pembe, jina lake Falme. Ni ramani kubwa ya nchi arobaini zisizokuwepo duniani, na kila mchezaji ana jeshi la rangi yake. Unapeana mkono na jirani leo, kesho unamwingilia. Askari wengine wamepotea, Fundi kaweka nati. Nati za shaba ni za Afande, kwa heshima ya cheo.

Kutoka kwenye kiti changu, mlango ukiwa wazi, naiona meza. Mrefu anachezea bluu. Ana kicheko cha kujirusha nyuma, miguu hewani, na leo alicheka hivyo mara nne, nilihesabu. Huyu mtu analala usingizi. Anakula. Mimi hata chai inanikwama.

Saa tano king'ora kikalia, nguzo ya umeme imeangukia kibanda. Wana sheria yao: king'ora kikilia, mikono juu, kila mtu anakimbia, na hakuna wa kugusa ramani mpaka warudi. Aliyebaki kwenye simu ndiye mlinzi wake. Yaani mimi. Wakaondoka na gari langu, Mrefu akakwaruza gia ya pili, nikahisi kama amenikwaruza meno.

Nikabaki na ramani peke yangu saa mbili nzima. Nikaizunguka. Bluu kila mahali. Nikasema moyoni, hapa. Hapa ndipo nitakapokula naye sahani moja. Nitamfuta kwenye ramani hii mbele ya watu wote, Afande akiwa amekaa, na nitamwangalia usoni akifutika.

Ila kwanza nijifunze.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemwomba Fundi anifundishe. Ni mtu mzima, mikono yake haitoki grisi hata aoge mara ngapi, na huongea na injini kuliko watu. Akasema, "Kaa. Usishike kitu."

Akanieleza. Zamu yako ikifika unahesabu nchi zako, unagawa kwa tatu, unapata askari wapya wa hesabu hiyo. Ukishika bara zima unaongezewa. Anayeshambulia anatupa dadu tatu, anayelinda mbili, mnalinganisha kubwa na kubwa. Zikilingana, anayelinda ndiye mshindi. Na ukiingia nchi mpya lazima uache askari mmoja nyuma, nchi haikai tupu.

"Na mikataba?" nikauliza.

"Mikataba ni ya mdomo. Hakuna sheria inayoilinda."

"Yaani mtu akiivunja hafanywi kitu?"

Fundi akafuta dadu na kitambaa chake kichafu, zikawa chafu zaidi. "Anafanywa kitu na watu wa mezani, binti. Mchezo wenyewe haufanyi."

Mchana nikaingia mchezoni, nyekundu. Nilikimbilia nchi kama mtu aliyeona mlango wa duka umefunguliwa. Nikashika kumi na mbili, askari mmoja mmoja kila nchi. Nikajiona malkia. Mrefu akapita katikati yangu kwa zamu mbili, dakika ishirini sipo. Akanyoosha mkono anisalimie. "Pole, dada. Mpaka wenye askari mmoja ni mlango usio na komeo."

Dada! Bado ananiita dada. Nikamkata jicho, nikarudi kwenye simu yangu.

Jumanne, 12 Machi

Nimeshindwa tena. Dakika arobaini.

Ijumaa, 15 Machi

Nimeshindwa mara ya tatu, na leo kwa aibu. Kila askari niliyempata nilimtupia Mrefu. Nilimpunguza kweli, nikamtoa jasho, na wakati nampunguza Ngazi akanila kwa nyuma na rangi yake ya njano. Mrefu akapona, Ngazi akanenepa, mimi nikatoka.

Fundi alinifuata kwenye chumba cha simu na kikombe. "Mezani tuko watano, wewe unacheza na mtu mmoja," akasema. "Hasira yako inaonekana mpaka kwenye namna unavyoshika dadu. Unazibana kama unataka kuzivunja."

Nikamwambia sina hasira na mtu. Akasema haya, akaondoka.

Jumapili, 17 Machi

Mapumziko. Nimepanga vifungo vya nguo juu ya kitanda nikavifanya majeshi. Mama ameingia kuchukua mashuka, amesimama, ameangalia. Mama yangu ameshona nguo za watu miaka arobaini na vifungo vile ni vya kazi.

"Hao ni nani?"

"Bluu ni Mrefu."

"Yule aliyekuwa analeta mtoto wake hapa?"

"Huyo huyo."

Akaketi pembeni ya kitanda, akachukua kifungo kimoja cha bluu akakigeuzageuza. "Tangu kikao kile sijakusikia ukitaja mtu mwingine. Asubuhi Mrefu, mchana Mrefu. Hata marehemu baba yako hakutajwa hivyo humu ndani." Kisha akadai vifungo vyake virudi kopoani vyote, kisikose hata kimoja, kuna gauni la mteja.

Jumatano, 20 Machi

Leo kitu kimetokea, na nina raha.

Tulikuwa tunaanza. Mrefu akaniegemea, akasema chinichini, "Dada, tushikane mimi na wewe. Wewe usiniguse huku kusini, mimi sikugusi kaskazini. Hawa wengine watatuweza wapi?"

Damu ikanichemka mpaka masikioni. Baada ya maneno yake matatu, anataka tushikane! Nusura nimtemee. Lakini nikakumbuka namna Fundi alivyosema nashika dadu. Nikalegeza vidole. Nikatabasamu, na naapa lilikuwa tabasamu zuri.

"Sawa, kaka," nikasema. "Tushikane."

Akapumua kama mtu aliyetua gunia. Akatoa askari wake wote kwenye mpaka wetu akabakiza mmoja. Mmoja! Sikumgusa. Leo sikumgusa.

Jumatano, 27 Machi

Nimegundua siri ya meza hii, na ni ya kuchekesha. Hakuna anayemshambulia Afande. Sheria haikatazi, ni woga tu wa cheo. Anaweka nati zake kwenye bara la katikati, amekaa kimya anakunywa maji ya moto, na watu wazima wanaorukia mapaa yanayowaka wanamzunguka kwa adabu kama wanapita mbele ya chumba cha mgonjwa. Ngazi alipofika mpakani kwake alisema, "Samahani, Afande, napita pembeni." Ndiyo maana Afande hushinda kila mara, na Mrefu huwa wa pili.

Sasa nami najificha nyuma ya nati. Nchi zangu nazipanga kumzunguka Afande, hakuna anayethubutu kunifikia. Leo nimekuwa wa tatu.

Jumanne, 2 Aprili

Wa pili! Pamoja na Mrefu. Alinipigia makofi.

Mvua haikatiki. Viatu vimeota ukungu.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimekuwa hodari wa kumpenda mtu kwa uongo. Namuulizia mtoto wake. Namwekea chai. Akirudi kazini amelowa namrushia taulo. Anazidi kuniamini, na mimi nazidi kuhesabu.

Leo alikaa chumba cha simu muda mrefu, anazungusha kofia yake ya chuma mikononi. Alitaka kusema kitu. "Siku ile ya kikao," akaanza. Nikamngoja. Akasema, "Siku ile nilikuwa sijalala kwa siku mbili." Akavaa kofia akatoka.

Hiyo ndiyo samahani yake? Usingizi? Ebo!

Jumatano, 17 Aprili

Naandika na sijui nianzie wapi.

Mchezo ulianza jana na leo ulikuwa umalizike. Afande alikuwepo, wote walikuwepo. Mrefu ameshika kusini yote na mpaka wetu ana askari mmoja, kama kawaida yake. Mimi nina kumi na wanne nyuma ya mlima. Zamu yangu ilikuwa inafuata. Nilikuwa nimeshika dadu. Saa nne na dakika tano king'ora.

Mto umevunja kingo, mtaa wa chini umezama, watu wako juu ya mapaa. Wakatoka wote, hata Afande na gari lake dogo, hata Fundi alipanda kwenda kuendesha pampu ya kunyonya. Mimi nikabaki na simu, redio ya kuongea na gari, na ramani.

Niliwapangia simu za kwanza vizuri. Halafu kukawa na utulivu kidogo. Nikaenda kwenye meza, nikafunua taulo tunaloifunikia ramani. Nilitaka kuangalia tu. Nikahesabu. Kumi na wanne wangu wangeingia kusini, lakini kwenye nchi ya tatu alikuwa na askari sita, na sita wale walinikera. Nikatupa dadu kwa majaribio, mara ya kwanza nikashindwa. Nikarudia. Nikarudia tena. Nikasema, wawili wakiondoka pale nani atajua? Nikawachukua wawili wa bluu nikawa nimewashika kiganjani, najibizana na nafsi yangu. Redio iko chumba cha pili, na mvua inapiga bati kama changarawe.

Niliposikia jina langu, Mrefu alikuwa anapiga kelele. "Usukani! Usukani, nijibu!" Hakusema Simu. Usukani. Nikakimbia. "Nimekuita dakika tisa! Daraja limekatika, nilitaka njia. Nimepita ya chini, gari limeserereka mtaroni. Fundi ameumia."

Njia ninayo kichwani. Kuna barabara ya nyuma ya machimbo, naijua nikiwa nimefumba macho. Ningemwambia kwa sentensi moja.

Fundi amevunjika mfupa wa bega. Watu wa mapaani waliokolewa na gari la kituo kingine, wote wazima, nashukuru mpaka machozi yananitoka. Lakini nilipokaa kujaza kitabu cha matukio, kwenye sehemu ya saa ya kuitwa na gari sikuandika saa nne na dakika arobaini na moja. Niliandika hamsini. Mkono uliandika wenyewe, ukaweka na saini.

Askari wawili wa bluu niliwakuta bado wamo kiganjani. Niliwarudisha mahali pao.

Ijumaa, 19 Aprili

Kikao. Chumba kile kile, kiti kile kile. Afande akafungua kitabu changu akamuuliza Mrefu, "Uliita saa ngapi?"

Kwenye gari alikuwa peke yake na redio, wengine walikuwa nyuma. Ni yeye tu anayejua. Akainama akaangalia karatasi, kama siku ile. Nikajua nimekwisha. Nikafikiria Mama, nikafikiria kodi ya cherehani, nikafikiria nitawaambia nini watu.

"Kama kitabu kinavyosema, Afande," akasema. "Alijibu papo hapo. Njia niliichagua mwenyewe."

Nje alinikuta nimeegemea ukuta. Akasogea karibu.

"Basi tumelingana, dada," akasema. "Mimi nimekuficha, na wewe unanificha. Habari ya tenki tusiifukue tena. Mwezi ujao Afande anaamua, utarudi kwenye gari kubwa, mimi nitaomba lile gari dogo jipya linalokuja. Tushikane tu."

Akanigonga bega, akaenda zake.

Nilisimama pale mpaka mvua ikanilowesha. Kumbe! Nami nilidhani nimetendewa wema. Mtu huyu amenifunga mdomo na kitambaa cha hariri, na nikanyoosha shingo mwenyewe. Wiki nne nilidhani namvuta mimi, kumbe anayevutwa ni nani?

Jumatatu, 22 Aprili

Nimemtembelea Fundi hospitali. Bega limefungwa, amekasirishwa na kitanda kuliko na bega. Sikuweza kumwangalia usoni. Akauliza mchezo uliishaje. Nikamwambia umesimama, tunamngoja. Akasema, "Msinisubiri, mnipe tu habari."

Nililia kwenye ngazi za hospitali.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua zimepungua. Afande amesema ataamua tarehe kumi. Alinipita korido akasema, "Vitabu vyako ni safi sana. Nadhani gari litarudi kwa mwenyewe." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumatatu, 6 Mei

Mchezo umemalizika leo mchana, hivi nitakavyoandika.

Afande aliagiza tuumalize, amechoka kuona taulo mezani. Fundi hayupo, nchi zake zikabaki na askari wake wakilinda tu. Afande akataka duru ianze upya na Mrefu, kisha zamu ikaja kwangu. Mrefu kwenye zamu yake alikuwa amejaza askari mpakani. Si mmoja tena. Tisa. Ameshaanza kuniogopa. Njia pekee ya kumfikia ilipita bara la katikati. Kwenye nati.

Nikaweka jeshi langu lote mpakani kwa Afande. Ngazi akasema, "Simu, umekosea, hapo ni kwa Afande."

"Najua ni kwa nani," nikasema. "Afande, nakushambulia."

Nasikia maji yanadondoka kwenye ndoo. Afande akaweka kikombe chini taratibu, akachukua dadu zake mbili. Nilidhani ataninyang'anya hata simu. Akasema, "Miaka sita nacheza michezo na watu wa kituo hiki, leo ndiyo mara ya kwanza nacheza na mtu." Na akatabasamu! Jamani, yule mtu ana meno.

Nikampita. Nati zikatoka moja moja, akizitoa mwenyewe kwa vidole viwili. Nikatokea kusini nyuma ya mgongo wa Mrefu, mahali ambapo hakuweka mtu, maana nani angepita kwa Afande? Nchi ya kwanza, ya pili, ya tano. Ngazi anapiga kelele, amepanda juu ya kiti. Dadu zilinitii kama zimetumwa. Nikamfuta bluu mmoja mmoja, na kila mmoja nilimtoa polepole, nikamwekea mbele yake mezani ili amwone. Askari wa mwisho nilimshika nikamwambia, watu wote wakisikia, "Pole, kaka."

Raha niliyoisikia! Siwezi kusema uongo kwenye daftari langu. Ilinipanda kutoka miguuni.

Halafu Mrefu akajirusha nyuma, miguu hewani, akacheka. Akacheka kicheko kile kile cha mwezi wa tatu. Akasimama akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Umejifunza, dada! Wee, umejifunza kweli!" Akaenda kutengeneza chai, akaniuliza sukari ngapi.

Hakupoteza kitu. Plastiki tu. Jioni atakula, atalala.

Jumanne, 7 Mei

Mama aliniona nimekaa na kalamu na karatasi ya barua. Akauliza naandika nini. Nikamwambia yote: saini, tenki, dakika tisa, wawili wa kiganjani. Alikuwa hajawahi kusikia habari ya dakika tisa.

Akasema, "Ukiipeleka hiyo, gari hulipati."

"Najua."

"Unaipeleka kwa ajili ya yule fundi aliyeumia?"

Ningemjibu ndiyo, angefurahi, na mimi ningeonekana mtu. "Kidogo, Mama. Naipeleka ili aanguke."

"Na wewe?"

"Nami nitaanguka juu yake."

Mama akaguna, akaenda akaniletea kalamu nyingine, ile yangu ilikuwa inaishiwa wino.

Ijumaa, 10 Mei

Nilimkabidhi Afande barua kabla hajafungua kinywa. Nilimwandikia kwamba saini ya tenki ni yangu lakini kazi haikuwa yangu, akaangalie kitabu cha getini aone Mrefu alitoka saa ngapi siku ile. Na kwamba saa kwenye kitabu cha mafuriko niliigeuza, Mrefu anajua na alinifichia. Alisoma mara mbili. Akamwita Mrefu. Akampa asome.

Nilimwangalia usoni. Hii ndiyo niliyoingoja mvua nzima, sikupepesa jicho. Uso wake ulishuka wote kwa pamoja. Hakucheka. Aliniangalia kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyepigwa na ndugu yake, akasema kwa sauti ndogo, "Lakini ungerudi kwenye gari."

"Ndiyo," nikasema.

Sikujua mpaka wakati ule kwamba kulitamka kutaniuma hivyo.

Alhamisi, 16 Mei

Uamuzi umetoka. Kwa kuwa niliileta barua mwenyewe hatukufukuzwa, tumeonywa kwa barua ya mwisho kwenye majalada yetu. Gari kubwa amepewa Ngazi. Afande alituita pamoja akatuambia, "Nyinyi wawili mmezoea kufichana. Basi mtakaa mahali pamoja, mfichane mkionana." Chumba cha simu, zamu moja, mwaka mzima.

Jumatatu, 20 Mei

Jua limetoka. Chumba cha simu kina viti viwili sasa, na meza ni ndogo, magoti yake marefu yanagonga yangu. Tangu asubuhi hatujasemezana. Ameleta chai yake, nimeleta yangu.

Saa tatu king'ora kikalia. Kwa mazoea tulisimama wote wawili, tukakaa. Ngazi akawasha gari langu. Akaingiza gia ya kwanza, ya pili ikalia kwa uchungu mpaka vioo vikatetemeka. Mimi na Mrefu tulifumba macho wakati mmoja.

"Hajakanyaga klachi mpaka chini," akasema.

Katika miaka ile tisa ningemjibu. Tungemcheka Ngazi pamoja mpaka arudi. Nilikuwa na jibu zuri mdomoni, nikalimeza. Nilitaka usukani ule kuliko nilivyowahi kutaka kitu, nilisikia gari likipinda kona mbaya, nikalia bila kujificha, na yeye akageuza uso ukutani. Mara mia ningeirudia barua ile.

Simu ikaita. Tukanyoosha mikono wote wawili. Nikawahi mimi.